Sauti ya Tatu Ilikuwa Wapi? Kuchagua Hedifoni za Mgongo Wazi kwa Fedha ya Kawaida

Kwa miaka sita nimeimba sauti ya tatu katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi, na karibu muda wote huo kazi ya kurekodi mazoezi imekuwa mikononi mwangu. Kila Alhamisi jioni naweka kinasa sauti kidogo juu ya kiti, hatua kama nne kutoka anaposimama Mwalimu wetu, kisha nikifika nyumbani nasikiliza tena ili nijue ni wapi tumeshuka sauti na ni wapi tumekimbiza mapigo. Jambo lililonisumbua kwa muda mrefu ni kwamba katika rekodi zile sikuwa najisikia. Sauti ya kwanza niliisikia vizuri, besi ilinijaa kichwani kama ngoma, lakini sisi wa tatu, ambao tulikuwa watano na tuliimba kwa nguvu zetu zote, tulikuwa kama tumemezwa. Nililaumu kinasa sauti. Nikakihamisha kulia, kushoto, hata juu ya kabati la vitabu vya nyimbo, bila mafanikio. Hadi binamu yangu alipokuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, akiwa na hedifoni zake kubwa zenye matundu mgongoni, ndipo nilipogundua kwamba sauti ya tatu ilikuwamo kwenye rekodi siku zote, na kwamba hedifoni zangu ndizo zilizokuwa zikiifunika.

Hedifoni tulizozizoea, zile zinazouzwa katika kila duka la simu, ni za kufunga: nyuma ya kila kikombe kuna ukuta wa plastiki usiopitisha hewa. Ndani ya kikombe kuna spika ndogo yenye utando mwembamba uliounganishwa na koili ya waya, na koili hiyo hucheza ndani ya nguvu ya sumaku kadiri umeme wa muziki unavyopita. Utando ukisukuma hewa kuelekea sikioni, wakati uleule huivuta hewa iliyo nyuma yake, na ukirudi nyuma mambo hugeuka; kwa hiyo kila sauti inayotoka mbele ina pacha wake anayetokea mgongoni. Katika hedifoni za kufunga pacha huyo hana pa kwenda. Hugonga ukuta, hurudi, hupenya tena utando na kuchanganyika na sauti ya mbele akiwa amechelewa kidogo. Watengenezaji hodari wanajua kumtuliza kwa kutumia sufi na maumbo maalumu ya kikombe, lakini ustadi huo una gharama yake, na katika hedifoni za bei ya chini mara nyingi haumo. Matokeo yake ni besi inayovimba na kutambaa juu ya sauti za katikati, na huko katikati ndiko mwanadamu anakoimbia.

Hedifoni za mgongo wazi zimeondoa ukuta huo na kuweka wavu mahali pake, ili sauti ya nyuma itoke iende zake. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoingiza sokoni hedifoni za kwanza za namna hii mwaka 1968, zikiitwa HD 414, nyepesi, zenye mito ya sponji ya njano, nazo zilinunuliwa na mamilioni ya watu. Nilipovaa zile za binamu yangu usiku ule, nikafungua rekodi ya Alhamisi iliyotangulia, nilichokisikia kwanza hakikuwa kuimba. Nilisikia watu watano upande wangu wa kushoto wakivuta pumzi kwa pamoja kabla ya ubeti wa pili, na mmoja wao, ninayemjua kwa pumzi hiyo kuliko kwa sura, akiichukua mapema kuliko wenzake. Kisha nikasikia benchi likilia. Kisha sauti ya tatu ikaingia, na nikajua mahali nilipokuwa nimesimama.

Baada ya binamu kuondoka nilifanya haraka, na haraka hiyo ilinigharimu shilingi 85,000. Katika duka moja la mjini nilikuta hedifoni zenye matundu mazuri mgongoni na jina kubwa la kigeni ubavuni, na muuzaji akanihakikishia, "Hizi orijino kaka, mzigo umeingia jana." Nyumbani nikasikia besi ileile iliyovimba. Nilivumilia kwa siku tatu, kisha nikachukua bisibisi ndogo ya kufungulia simu nikafungua kikombe kimoja: nyuma ya wavu wa chuma palikuwa na kipande cha plastiki kizima, kimebandikwa kwa gundi, bila tundu hata moja. Matundu yalikuwa pambo tu. Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja ambacho nampa kila anayeniuliza, nacho hakihitaji kifaa chochote. Vaa hedifoni, washa wimbo, kisha funika migongo ya vikombe kwa viganja vyako bila kuvikandamiza masikioni. Zilizo wazi kweli zitabadilika sauti papo hapo, kana kwamba mwimbaji ametumbukizwa ndani ya pipa, na ukiondoa viganja atatoka tena. Zisipobadilika, mrudishie mwenyewe ukiwa bado dukani.

Hata hivyo, kabla ya kufika dukani kuna jambo ambalo mtu anapaswa kulipima kwa uaminifu, nalo ni mahali na saa anazosikilizia. Wavu unaotoa sauti nje ndio huohuo unaoingiza kelele ndani. Nyumba yetu iko upande wa Rau, na chumba ninachokaa kusikiliza hakina dari. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, hakuna hedifoni ya mgongo wazi itakayosikika ila kwa kupandisha sauti kupita kiasi, na mimi siku hizo huzivua nikasubiri. Mchana kuna bodaboda, kuna watoto wa jirani, kuna jogoo asiyejua saa. Muda wangu ni saa nne usiku, watoto wakishalala, na hapo ndipo nilipogundua upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu siku ya kwanza mke wangu alinyanyua sauti kutoka jikoni akasema, "Baba Neema, mimi hiyo kwaya naisikia mpaka huku." Anayesikiliza ndani ya daladala, anayelala chumba kimoja na mwenzake, au anayefanya kazi ofisini na watu wengine hapaswi kununua hedifoni hizi hata akipewa punguzo la nusu bei. Aliye na chumba kimoja tulivu kwa saa moja kila siku anafaa.

Kuhusu kupandisha sauti ningependa kusema jambo kwa uzito, kwa kuwa masikio ya mwimbaji ndicho chombo chake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: kwenye desibeli 83 zinabaki saa 20, kwenye 86 zinabaki 10. Hedifoni za mgongo wazi zinamshawishi mtu kupandisha, kwa sababu anashindana na kelele za nje ambazo hazikuzuiwa. Katika chumba tulivu ushawishi huo haupo kabisa, na mimi nasikiliza kwa sauti ya chini kuliko nilivyokuwa nikisikiliza zamani, kwa kuwa sihitaji tena kupandisha ili niitafute sauti ya tatu chini ya besi.

Sasa nije kwenye fedha. Ninazungumzia kiasi cha kati ya shilingi 100,000 na 350,000, ambacho kwa wengi wetu ni fedha ya kudunduliza miezi kadhaa, na kwa kiasi hicho zipo hedifoni za kweli. Ugumu ni kwamba hapa Moshi hazikai dukani. Inabidi kuagiza kwa mtu wa Dar es Salaam au kwa ndugu anayesafiri, na hiyo maana yake ni kununua kitu ambacho hujakijaribu. Ndiyo maana ni muhimu kujua tabia za kila moja kabla ya kutuma fedha.

Za chini kabisa kwa bei ambazo ningezitetea mbele ya mtu yeyote ni Koss Porta Pro, zinazotengenezwa na kampuni ya Milwaukee, Marekani, tangu mwaka 1984, na umbo lake karibu halijabadilika. Ni ndogo, zinakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, zina utepe mwembamba wa chuma ambao hung'ang'ania nywele, na ukizitazama huwezi kuamini kinachotoka humo. Besi yake ni ya joto na imezidi kidogo, jambo lisilo la kawaida kwa hedifoni za wazi, kwa sababu kwa kawaida hizi hupungukiwa na besi ya chini kabisa, ile inayosikika kifuani zaidi kuliko sikioni. Kwa mtu wa dansi na rumba ambaye hataki kuacha gita la besi, hizi zinatosha. Kwa kwaya ninaziona zina ukungu kidogo.

Superlux ya Taiwan ina mbili, HD681 na HD668B, zinazohesabiwa kuwa nusu wazi, na bei yake ni ndogo kiasi cha kushangaza kwa uwazi wa sauti unaopata. Lakini sauti za juu ni kali. Herufi "s" katika wimbo wa Kiswahili ni nyingi, na kwenye HD681 kila "s" ilinichoma kama sindano. Nilizitumia za rafiki yangu kwa wiki moja na nikajikuta naogopa neno "Msifuni". Mito yake ya ngozi bandia nayo, katika joto la Moshi la Januari na Februari, hulowa jasho kabla ya wimbo wa tatu. Kuna dawa ya ule ukali, nitaieleza, ila dawa ya jasho ni kubadili mito.

Nilizonunua mimi hatimaye ni Philips SHP9500, kwa shilingi 240,000, zikatumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam na nikazipokea stendi kesho yake, boksi limebonyea kona moja lakini ndani salama. Sababu ya kuzichagua ilikuwa ya kawaida sana. Vikombe vyake ni vikubwa, sikio lote linaingia bila kuguswa. Mito yake ni ya kitambaa kinachopumua. Na waya wake si wa kudumu, bali huchomolewa kwenye kikombe na ni waya wa pini ya milimita 3.5, ambao ukikatika unapata mwingine mahali popote. Jambo hili la waya nalisisitiza kwa sababu katika uzoefu wangu hedifoni hufa kwa waya kabla ya kufa kwa spika. AKG K240 Studio, ambazo ni nusu wazi, nazo zina waya wa kuchomoa, lakini pini yake upande wa kikombe ni XLR ndogo, aina ya pini ya vifaa vya studio, na siku ikikatika hutaipata hapa Moshi, si Mbuyuni wala Double Road. Utaagiza tena na kusubiri. Kasoro ya SHP9500 ni mito yake, ambayo haikutengenezwa ili mnunuzi aibadilishe kwa urahisi, na utepe wake unaoshika kichwa kwa ulegevu, kiasi kwamba ukiinama kuokota kalamu unazishika kwa mkono. Sauti yake haina besi ya chini kabisa. Sauti za binadamu, filimbi, marimba na gita kavu zinakaa mbele yako kila moja na nafasi yake, nami nilikuwa nazitaka kwa ajili hiyo.

Ningeweza kuongeza kidogo nikachukua Sennheiser HD 599, ambazo ni za omu 50 (maana ya omu naieleza hapa chini) na sauti yake ni laini zaidi, au HiFiMan HE400se, ambazo hazina koili na utando wa kawaida bali utando mpana wenye njia za umeme zilizochapwa juu yake ukining'inia mbele ya safu ya sumaku. Hizi za mwisho nilizisikiliza kwa binamu na sikuzisahau. Zina besi inayoshuka mpaka chini bila kuvimba. Tatizo lake kwangu lilikuwa nguvu, na hapa inabidi nieleze, maana ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Kwenye boksi la hedifoni kuna namba mbili za kusoma. Moja ni omu, yaani ukinzani wa koili dhidi ya umeme; nyingine ni desibeli, yaani sauti inayopatikana kwa kiasi fulani cha nguvu. Simu na kompyuta mpakato hutoa volti ndogo. Hedifoni za omu 32 kama zangu huridhika na volti hizo, lakini Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250, au Sennheiser HD 600 za omu 300, ukizichomeka kwenye simu zitaimba kwa mbali na kwa unyonge hadi uzinunulie amplifaya, na amplifaya ni fedha nyingine ambayo hukuipanga. Wengi huishia kwenye omu, ingawa omu peke yake hazitoshi. HE400se zina omu 25 tu, chini ya zangu, lakini mtengenezaji anazipa desibeli 91 wakati zangu zinapewa 101. Tofauti ya desibeli 10 maana yake ni kwamba zinahitaji nguvu mara 10 ili zifikie sauti ileile. Kwa simu yangu zilisikika, lakini ilinibidi kuipandisha simu hadi karibu na mwisho, na kwenye rekodi za mazoezi, ambazo huwa za chini, sikubakiwa na nafasi ya kupandisha.

Wenye simu zisizo na tundu la pini wajue pia kwamba kile kigeuzi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji si waya tu. Kizuri kina saketi ndani yake inayogeuza tarakimu za muziki kuwa umeme wa kuchezesha koili. Vingine vya bei ya chini havina saketi hiyo na vinategemea simu iifanye kazi yenyewe, na si kila simu inaweza, kwa hiyo kijaribu kwa simu yako mwenyewe kabla hujakilipia.

Unapopata nafasi ya kujaribu hedifoni, tumia rekodi ya tukio ulilokuwapo. Rekodi yangu ya Alhamisi si ya kitaalamu hata kidogo, lakini najua kwa hakika nani alisimama wapi, dirisha gani lilikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa umbali gani alipogonga meza ili tuanze upya. Hakuna wimbo wa studio unaoweza kunipa uhakika huo, kwa kuwa wimbo wa studio sijui ulisikikaje pale ulipoimbwa. Kama huna, rekodi watoto wakicheza uani au familia ikisali kabla ya chakula. Tahadhari moja tu: usiitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kwa sababu itabanwa na utakuwa unapima ubanaji, si hedifoni. Itume kama faili. Faili la WAV, yaani lisilobanwa, la stirio hula kama megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo chagua dakika mbili zilizo bora.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani, na mimi ni mmoja wao, wasikate tamaa wakivaa hedifoni hizi kwa mara ya kwanza na kuukuta ule upana unaosifiwa haupo. Rekodi nyingi za zamani za Radio Tanzania zilikuwa za mono, yaani sauti ileile kwa masikio yote mawili, na mono kwenye hedifoni yoyote hukaa katikati ya kichwa. Utakachokipata ni kina: gita la solo likiwa mbele ya tarumbeta, na tarumbeta mbele ya ngoma, kama watu waliopanga mstari kuelekea kwenye maikrofoni moja. Mara ya kwanza nilidhani najidanganya. Nikarudi kwenye zile za kufunga, na mstari ule ukaanguka ukawa rundo.

Dawa ya ukali niliyoiahidi ni ekwalaiza, yaani kidhibiti cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, iwe ya juu au ya chini, na programu zake zipo za bure kwa simu na kwa kompyuta. Kwa hedifoni kama za Superlux, tafuta eneo la kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 6,000 na 10,000, lishushe desibeli mbili, sikiliza wimbo mzima, kisha ongeza moja nyingine kama bado inachoma. Usifanye kwa pupa, kwa sababu sikio huzoea haraka na utashusha mpaka waimbaji wote wawe na mafua. Ukitaka kuongeza besi inawezekana, lakini shusha sauti ya jumla kwenye programu kwa kiasi kilekile ulichoongeza, la sivyo sauti itapasuka kwenye vilele vya muziki. Na usitegemee kwamba besi ya chini kabisa itarudi yote. Spika iliyo wazi mgongoni ikilazimishwa huko inaanza kukoroma.

Zangu sasa zina miaka miwili. Vumbi la kiangazi hupita kwenye wavu, hivyo huzifunika kwa kitambaa nikimaliza, na mara moja kwa mwezi hupitisha brashi laini ya rangi juu ya matundu bila kusukuma ndani. Waya nimebadilisha mara moja, kwa shilingi 7,000. Mito ndiyo imeanza kuchoka, sponji imelala upande wa chini, na mwezi uliopita nilimpelekea fundi cherehani wa Mbuyuni anishonee vifuniko vya pamba vya kuvika juu yake. Alipima kwa uzi, akashona vizuri mno, mshono wake hauonekani. Usiku nilipovivika na kufungua rekodi, sauti ya kwanza ilikuwa imerudi nyuma hatua mbili na ile pumzi ya kabla ya ubeti wa pili haikusikika. Nikavivua, pumzi ikarudi. Alhamisi nilirudi kwa fundi na kumwomba akate kitambaa cha katikati kwenye vifuniko vyote viwili, abakize mzunguko tu unaogusa shavu, naye akaniambia nivifuate Jumatatu.